Mkono wa Nahodha Majura

Kila mnapokuja kunitembelea hapa Nyakato, mnakuja na swali moja. Mama, mkono wa mtu aliyepata kiharusi unapimwaje mpaka useme sasa umepona? Mnanionyesha na vifaa vyenu. Kile cha kubana, kinachoonyesha nguvu za kiganja kwa namba, nimekibana juzi mbele yenu na kikanidharau. Ni kizuri, sikatai. Sisi tulianza na maharage ndani ya kopo, njiti za kiberiti, kikombe cha bati, na kitasa kibovu tulichokiomba kwa fundi wa hospitali. Vyote hivyo vinapima. Lakini ninyi mnaingia kazini na mimi nimeshatoka, kwa hiyo nitawajibu kwa habari ya siku niliyoogopa kufa. Siku ile ilinifundisha kuliko kitasa.

Nianze na mwalimu wangu, Mzee Bundala, maana bila yeye nisingekuwa hapa kuwasimulia. Alikuwa mtu mrefu, mpole, anavaa sweta hata jua la Mwanza likichemsha mawe. Mwaka wangu wa kwanza aliniachia mgonjwa, mkulima wa pamba kutoka kwetu Magu, mzee mwenye viganja kama jembe. Nikampa mkono wangu, nikamwambia, "Baba, nibane kwa nguvu zako zote." Akanibana. Nikaona nyota. Nikamwambia, "Vizuri sana, sasa niachie."

Akaniangalia, akauangalia mkono wake. "Binti yangu," akasema, "kuachia sijui."

Nikavuta. Kadiri nilivyovuta ndivyo alivyokaza. Yule mzee akaona aibu, na aibu ikakaza vidole zaidi. Bundala alikuwa mlangoni anacheka mpaka anafuta macho kwa sweta. Alipomaliza kucheka alikuja, akakaa, akaanza kuongea na mzee habari za mvua, taratibu, mpaka mabega ya mzee yakashuka. Kisha akamkunja kifundo cha mkono, kiganja kikaelekea chini kwa ndani, vidole vikalegea vyenyewe. Akamalizia kwa kulitoa dole gumba kutoka shinani.

"Usivute vidole," aliniambia. "Ukivuta unagombana na ngumi, na ngumi itakushinda. Halafu kumbuka, kila mtu anapima kushika. Wewe pima na kuachia. Mtoto mchanga anazaliwa anajua kushika. Kuachia ndiko kunakotaka ubongo mzima."

Alinifundisha pia kwamba mkono uliopooza unasikia mambo ambayo mwenyewe hajayasikia: baridi, haraka, hasira, hata miayo. Nimewahi kumhudumia mzee mmoja ambaye akipiga miayo mkono wake uliolala unapanda wenyewe mpaka kifuani. Mkewe alipouona mara ya kwanza alitoka nje mbio akiliita jina la Yesu, na ilinichukua muda kumrudisha ndani. Tulicheka wote, hata mgonjwa. Lakini kinachoukaza mkono kuliko vyote ni woga. Nilikuwa nalijua hilo kwa kuambiwa, nikawa nalifundisha kwa wengine, mpaka siku nilipoliona kwa macho katikati ya ziwa.

Ilikuwa miaka yangu ya mwisho kazini. Nilikwenda kisiwa kimoja kidogo upande wa Ukerewe kumwona mama aliyepooza ambaye hakuwa na namna ya kuletwa Nansio, nilikokuwa nikifanya kazi. Nililala kwa watoto wake, na asubuhi nikapanda boti ya injini inayobeba abiria na mizigo kurudi Nansio. Mjue kwamba mimi siogelei. Kwetu Magu ni pamba na mpunga, maji tunayojua sisi ni ya kuchota. Kila nikipanda boti natafuta cha kushika kabla haijang'oa nanga.

Nahodha alikuwa Majura, Mjita, mtu wa makamo mwenye kifua kipana, aliyekuwa akivusha watu njia ile tangu ujana wake. Nilimsalimu shikamoo, akacheka akasema nisimzeeshe, kisha akaitika marahaba. Hakunipa mkono, aliinamisha kichwa tu. Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya mfuko wa koti, nami nikadhani ni baridi ya asubuhi. Nilipata nafasi nyuma karibu na injini, juu ya magunia ya dagaa ya mama mmoja mfanyabiashara, Mama Sungwa, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo. Aliniambia nikae kwa adabu, nisije nikamvunjia dagaa.

Tulikuwa tumeshaliacha gati, nyumba za kisiwani zimekuwa ndogo, ndipo nilipoona. Majura aliutoa mkono wa kulia mfukoni kwa kutumia mkono wa kushoto. Aliushika kwenye kifundo, akaunyanyua, akauweka juu ya mpini wa injini, ule mpini ambao nahodha huusukuma kugeuza boti na kuuzungusha kuongeza au kupunguza moto. Kisha akavikunja vidole kimoja kimoja kuuzunguka, kama mtu anayemvisha mtoto glavu. Alipomaliza akatazama mbele, uso mkavu, kama hakufanya kitu.

Vijana wangu, nilishika ukingo wa boti kwa mikono miwili. Nilikuwa nimeuona mkono wa namna ile maisha yangu yote, lakini nikiwa nimekaa kwenye kiti, sakafu imetulia chini yangu.

Nikasogea karibu naye. "Nahodha," nikamwambia kwa sauti ya chini, "huo mkono una muda gani?"

"Mkono gani?"

"Wa kulia."

"Baridi tu, mama."

"Mimi kazi yangu ni mikono ya watu waliopata kiharusi."

Midomo yake ilitikisika, nami nikaona kwamba upande mmoja unachelewa kuufuata mwingine. Baadaye sana akasema bila kunitazama, "Dokta, usiwaambie. Tukifika tutaongea." Watu wa huku kila aliyevaa koti jeupe ni dokta, hata ukiwa umelivua.

Ningefanya nini? Kurudi nako tungerudi kwa mkono ule ule. Nikianza kupiga kelele watu watasimama, na boti iliyojaa, watu wakisimama upande mmoja, imekwisha. Nikanyamaza. Nikawa naangalia vidole vile. Maji yalikuwa shwari na mkono ulikuwa umetulia, vidole vimelegea kiasi. Nikajipa moyo kwamba tutafika.

Upepo ulitukuta tulipotoka kwenye kivuli cha visiwa. Mawimbi hayakuwa makubwa kwa wenye ziwa, ila kwangu yalikuwa milima. Maji yakaanza kuturukia. Mama mmoja mbele akalia, mtoto wake naye akalia. Nami nikamtazama Majura nikaona woga unavyomwingia. Niliuona begani kwanza. Bega la kulia likapanda. Kiwiko kikaanza kujikunja. Vidole vikauma ule mpini mpaka viungo vikawa vyeupe, na mkono mzima ukaanza kujivuta kuelekea kifuani kwake, pamoja na mpini. Boti ikaanza kugeuka. Hakuigeuza yeye, mkono ndio uliokuwa unaigeuza. Tukawa tunayapa mawimbi ubavu, na injini inanguruma kwa moto ule ule, maana hakuweza kuuzungusha mpini kurudi.

"Nahodha, unatupeleka wapi?" mtu mmoja akapiga kelele.

Majura alikuwa anauvuta mkono wake kwa mkono wa kushoto. Anavuta vidole. Kila akivuta, vinakaza. Jasho linamtoka kwenye upepo ule wa baridi. Akanigeukia, na macho yale sitayasahau: mtu mzima, nahodha, ananitazama kama aliyeshikwa na kitu gizani.

Wimbi likaingia. Watu wakaanza kuinuka.

Nikamshika Mama Sungwa bega. "Mama, waimbishe hawa watu. Wakae chini waimbe. Usiulize."

Hakuuliza. Aliinua ile sauti yake ya ng'ambo akaanzisha pambio ambalo kila mtu wa visiwani analijua, na katikati ya ubeti akawa anawachanganyia amri: "Kaa chini wewe mwenye shati jekundu! Mungu anasikia hata waliokaa!" Watu wakakaa. Nadhani walimwogopa kuliko mawimbi. Wakaimba kwa sauti za kutetemeka, na mimi nikatambaa juu ya magunia mpaka miguuni pa Majura.

Ningetaka kuwaambia kwamba ujuzi uliuondoa woga, lakini ningekuwa nawadanganya. Nilikuwa nasikia meno yangu yakigongana. Nilimwambia, "Majura, acha kuuvuta. Acha kabisa. Niangalie mimi. Wewe unawajua wazee wa kwenu, niambie babu yako aliitwa nani."

"Nini?"

"Jina la babu yako."

"Musiba," akasema, ulimi mzito.

"Toa pumzi. Na baba yake Musiba?"

Nilimuuliza ukoo mzima. Huku nikauegemeza mkono wake kwangu, kiwiko kikapata mahali pa kupumzikia, nikaacha kushindana nao. Mkono ukivutwa kwenda kifuani, nilikwenda nao kidogo. Bega lilipolegea kwa kiasi cha pumzi moja, nikakikunja kifundo chake kwa ndani, taratibu, na vidole vikafunguka kama mlango uliovimba kwa mvua, unagoma, unagoma, halafu unaachia. Nikaingiza kidole changu chini ya dole gumba lake nikalitoa. Mkono ukatoka kwenye mpini, nikaukumbatia kifuani kwangu kwa mikono miwili usije ukarudi.

"Shika kwa kushoto," nikamwambia.

Alipiga goti, akageuka, akaushika mpini kwa kushoto. Alipunguza moto, akaiinua pua ya boti ikayatazama mawimbi. Sijawahi kuona kitu kizuri kama ile pua inavyogeuka. Tulibaki hivyo mpaka Nansio, yeye anaendesha kwa mkono mmoja na mimi nimekumbatia mwingine, na Mama Sungwa hakuruhusu mtu yeyote anyamaze.

Gatini watu walishuka wakilalamika kwamba wamelowa. Mzee mmoja alimpiga Majura begani akasema, "Nahodha wa zamani ni wa zamani tu." Majura akatabasamu nusu uso. Mimi nilikaa chini kwenye mchanga mpaka wote walipoondoka.

Kesho yake nilikwenda nyumbani kwake, nje kidogo ya mji, nikampima. Mkewe, Nyangeta, mwanamke mwembamba asiyekaa, alituletea viti akabaki amesimama mlangoni. Nilimpima kama mnavyofundishwa. Nilianza na bega, mkono kwenda kinywani, mkono kwenda kisogoni. Nikampa maharage ayatoe kwenye sahani moja ayapeleke nyingine, njiti ya kiberiti, vifungo vya shati, maji ya kumimina kutoka kikombe hadi kikombe. Nilimfumba macho nikamwekea ufunguo kiganjani. Alifikiri sana, akasema ni punje ya hindi. Nguvu za kubana alikuwa nazo nyingi. Ninyi mngembanisha kwenye kile kifaa chenu angewapa namba ya kumpeleka kazini leo leo. Na kuachia pia aliachia, pole pole, lakini aliachia, kwa sababu alikuwa amekaa kwake, chai iko mezani, kuku wanapita.

"Unaona, dokta?" akasema. "Ni mzito tu asubuhi. Ziwani jana ulikuwa upepo."

Nyangeta akasema kutoka mlangoni, "Mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba mimi ndiye ninayekufungia vifungo. Kwamba kila alfajiri nakusindikiza kwa macho mpaka boti inapotea, halafu siwezi kupika mpaka irudi." Akanigeukia. "Ugonjwa ulimpata wakati wa kulima, mama. Aliamka mdomo umekwenda upande. Dawa za presha alikunywa kidogo akaacha. Akaniambia nikisema kwa watu, watoto watakula nini."

Nilimwomba Majura twende kwenye boti yake, Nyangeta akatufuata. Ilikuwa imefungwa mwaloni, pale boti za uvuvi zinapoegeshwa, injini imezimwa, maji yamefika kiunoni tu. Aliingia, akakaa mahali pake, nikamwambia aushike mpini kwa mkono wa kulia. Akaushika kwa njia yake ile. Upepo wa mchana ulikuwa umeanza, boti ikayumba kidogo. Nikamwambia, "Achia."

Hakuachia. Bega lilipanda, kiwiko kikajikunja. Boti ilikuwa imefungwa kwa kamba, mkewe amesimama majini karibu kiasi cha kumgusa, na bado mkono ule ulikuwa unaogopa. Majura aliutazama muda mrefu. Alianza kulia bila sauti, machozi yanashuka zaidi upande mmoja.

Hapo ndipo pagumu, vijana wangu, na hakuna kifaa cha hapo. Siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Mkitoka nayo nje mmeiharibu kazi yote, hakuna mtu atakayewaonyesha mkono wake tena. Lakini nilikuwa nimemsikia mtoto akilia kwenye ile boti. Nilimwambia, "Sitakusemea, ila usibebe abiria. Useme mwenyewe Jumapili, watu wakitoka kanisani, mimi nitakuwepo. Usiposema, nitakwenda kwa viongozi wa mwalo, na nitakuwa nimekuambia kwanza." Akasema nimeshamuua. Siku zile hadi Jumapili sikulala vizuri. Niliogopa atapanda boti kwa hasira. Niliogopa zaidi kwamba ataingia ziwani peke yake.

Alikuja. Watu walikuwa wamekusanyika kwenye vichanja vya kuanikia dagaa, maana Nyangeta aliwaita. Majura alisimama, akaanza, na ulimi ukamgomea. Maneno yalitoka yamekatika. Mwishowe aliutoa mkono mfukoni kwa ule mwingine, akauinua watu wauone, akauachia, ukaanguka.

Nilijiandaa kwa hasira. Kulikuwa na baba mmoja ambaye wanawe walivuka kila wiki kwenda shule, nikamwona anasogea mbele, nikasema moyoni sasa anapigwa. Yule baba alifika mbele ya Majura akasimama. "Nilijua," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Niliona unavyokula kwa kushoto kwenye msiba wa shemeji yako. Nikawa nawapandisha wanangu, narudi nyumbani nakaa karibu na simu."

Mwingine akasema, "Hata mimi niliona."

Mama Sungwa alikuwa ameinamisha kichwa. Mara ya kwanza na ya mwisho nilimsikia anaongea taratibu. "Sote tuliona, Majura. Tungesema, tungevuka na nani?"

Nilikuwa nimedhani kwenye ile boti ninaogopa peke yangu, ndio maana niliificha siri kwa bidii ile. Kumbe walikuwa wanaimba wakijua. Kila mmoja alikuwa amekaa na woga wake miezi ile yote, amefunga mdomo kwa adabu na kwa shida. Tangu siku hiyo nikimpima mtu siishii kwake. Namuuliza mke, namuuliza jirani, namuuliza anayekula naye. Na siulizi "anaendeleaje," maana watajibu hajambo. Nauliza, "Mnaogopa nini mkimwona?" Hapo watu wananyamaza kwanza, halafu wanasema.

Njia ile alipewa mdogo wake Majura, aliyekuwa akivua upande wa Mara, kwa makubaliano kwamba Majura atabaki na sehemu yake ya boti na atatengeneza injini kwa mkono wa kushoto. Alirudi kwenye dawa. Alikuja kwangu kwa mazoezi, mara nyingine kwa hiari, mara nyingine Nyangeta akimsukuma mgongoni. Mkono uliendelea kupata nafuu, lakini haukurudi ziwani kuendesha, na hakunisamehe kwa haraka.

Safari ya kwanza ya mdogo wake nilikuwemo, nakwenda tena kumwona yule mama wa kisiwani. Majura naye alisema anakwenda, kuangalia tu. Alikaa katikati pamoja na abiria, mahali ambapo hakuwahi kukaa. Abiria walipogawiwa maboya ya kuvaa, alichukua moja, akaligeuza huku na huku. Akajaribu kukibana kifungo chake cha kifuani, kikamshinda. Akajaribu tena. Watu waliangalia pembeni kwa heshima.

"Dokta," akaniambia, "nifungie. Na ukaze."

Nikamfungia, nikakaza. Injini ilipowaka akafumba macho, na hakuyafumbua mpaka nilipomwambia tumefika.